Kisu Kilichooshwa Mara Saba

Niseme mapema kabla sijaanza kujipamba: mimi ndiye niliyepaka mafuta ya nguruwe kwenye kisu cha Mzee Rajabu. Wala haikuwa bahati mbaya. Nilikusudia, nikanyata, nikapaka pande zote mbili kama mtu anayepaka siagi mkate wa wageni, halafu nikarudi nyumbani naimba nyimbo za kanisani. Nilikuwa na miaka kumi. Kesho yake nilikuwa napokea Komunyo ya Kwanza, na asubuhi ya siku hiyo hiyo ya kupaka nilikuwa nimetoka kuungama kwa padri dhambi zangu zote mbili, kuiba sukari na kumtukana mbuzi. Kwa hiyo dhambi kubwa kuliko zote za maisha yangu niliifanya nikiwa nimeoshwa, hata sijakauka. Gari jipya angalau hutembea kidogo kabla halijagongwa.

Kama hukukulia kwetu utauliza, kisu tu, kina nini? Mzee Rajabu alikuwa mchinjaji wa mtaa. Siyo wa bucha, wa mtaa. Karatu yetu ilikuwa na kila aina ya mtu: Wambulu wenye mji wao, Wachaga waliofuata watalii, Warangi na Wanyaturu waliokuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa wakasahau kurudi. Wakristo wengi, Waislamu wachache. Lakini ikifika shughuli, iwe Krismasi, iwe ubatizo, iwe mahari, hakuna Mkristo aliyeshika kisu. Mbuzi anafungwa, mtoto anatumwa: "Kamwite Mzee Rajabu." Anakuja na kofia yake na kisu chake, anamlaza mbuzi kuelekea kibla, anasema maneno yake taratibu, anachinja. Ili wote tule. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo darasani wala kanisani. Lilikuwa linajulikana tu, kama inavyojulikana kwamba mvua ikianza unaanua nguo. Ukichinja mwenyewe, maana yake umemwambia jirani: leo usije.

Mtu kama huyo ndiye niliyempakia kisu.

Na kisu chenyewe kimerudi. Kiko hapa mezani ninavyoandika, kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Mzee Rajabu amefariki mwaka huu, mzee kabisa, meno hana, kofia anayo. Msibani kwake nilikuwa jikoni, maana ndiyo kazi yangu. Napikia watalii kambini, Ngorongoro, Engaresero, kokote gari linakonishusha. Shule niliiachia kidato cha pili baada ya kukosana na hesabu, ugomvi wa siku nyingi, mtauona huko mbele. Basi nikatoka na sinia la pilau kupeleka kwenye turubai la wanaume. Nikawakuta na simu. Kundi la huku wanaangalia jengo linaporomoka kwenye nchi ya Waislamu, mmoja anasema, "Wapigwe tu, wamezidi." Kundi la kule wanaangalia jengo jingine, la upande wa marafiki wa Wazungu, mmoja anasema, "Safi, na wao waonje." Wanasogezeana simu kama watu wanaoonyeshana bao la mpira. Kuna jamaa alikuwa na tonge mkono mmoja, mkono wa pili anarudisha video nyuma aone vizuri pale mtu anaporushwa.

Nikasimama na sinia langu. Pilau ya mbuzi, iliki imekolea, na mimi nasikia harufu ya nguruwe. Jikoni hakukuwa na nguruwe. Harufu ilikuwa inatoka kwangu, mkono wa kulia, miaka yote hiyo. Nikaenda nyuma ya choo nikatapika. Watu wakasema, jamani, kweli Felista alimpenda mzee.

Tulikuwa tunapakana. Kati ya kwetu na kwa Mzee Rajabu kulikuwa na uzio wa mabanzi wenye tundu la kupita mtoto, na hilo tundu lilikuwa letu, mimi na Zena. Zena ndiye kitinda mimba wake. Umri mmoja na mimi, darasa moja, dawati moja, yeye ana akili, mimi nina mdomo. Baba yangu, Mchaga wa Rombo, alikuwa dereva wa watalii. Mama ni Mmbulu wa hapo hapo, alikuwa anauza vitunguu sokoni, anavipokea kwenye malori yanayopanda kutoka Mang'ola. Jioni jioni baba na Mzee Rajabu walicheza drafti kwa vizibo vya soda, ubao wenyewe umechorwa kwa mkaa, na matusi ndiyo yalikuwa nusu ya mchezo.

"Shehe, leo nakula mpaka hiyo kofia."

"Mangi, wewe endesha Wazungu. Drafti tuachie wenye akili."

Mimi Wazungu niliwaona kama ukoo wa mama mkubwa asiyekuja nyumbani. Baba alirudi na vitu vyao: kalamu, sabuni ndogo za hotelini, biskuti zisizo na sukari ambazo nilizila hivyo hivyo kwa heshima. Nikajua ni ndugu zetu kwa namna fulani. Na kwa hesabu hiyo hiyo nikajua Waislamu wote duniani ni ukoo wa Mzee Rajabu. Mwarabu wa kwenye gazeti alikuwa binamu yake, basi tu hawajatembeleana.

Halafu vita ya Iraki ikaingia redioni.

Kila nyumba ilikuwa na redio yake. Ya baba ilikuwa inashika idhaa ya Kiswahili ya Ulaya. Ya Mzee Rajabu ilikuwa inashika idhaa ya Kiswahili ya huko huko Mashariki ya Kati, watangazaji wanaongea vizuri kuliko mwalimu wetu. Mimi na Zena tulikaa kwenye tundu letu, sikio moja huku, sikio moja kule. Redio yetu inasema majeshi yameingia kuwakomboa watu. Redio yao inasema majeshi yamewavamia watu. Yetu inasema mabomu yamelenga. Yao inasema mabomu yameua. Mimi nikadhani ni vita mbili tofauti, nchi mbili zenye jina moja, kama tulivyokuwa na Maria wawili darasani. Nikawa nawaonea huruma watu wa Iraki ya kwenye redio ya kina Zena. Ya kwetu ilikuwa na nafuu.

Siku moja redio zote mbili zikataja soko. Yetu ikasema wapiganaji walikuwa wamejificha karibu na soko. Yao ikasema ni soko la mboga, basi. Baba na Mzee Rajabu wakaacha vizibo, wakaanza kubishana, na safari hii haukuwa utani.

"Shehe, hao jamaa wanajificha katikati ya watu makusudi. Wewe ungekuwa askari ungefanyaje?"

"Mangi, mtu akiingia nyumbani kwako na bunduki utamkaribisha chai?"

"Lakini mkubwa wao alikuwa anaua raia wake mwenyewe!"

"Na hao waliokuja kumtoa wanaua nini? Wanaua kuku?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua vitunguu, vilivyooza anatupa pembeni. Hakuinua kichwa. Akauliza tu, "Sasa wale waliokuwa wanauza vitunguu pale, wao walikuwa upande gani?"

Wanaume wawili wazima, mmoja ameona simba kwa macho yake, mwingine amechinja mbuzi wasiohesabika, wakaangalia vizibo. Harufu ya kitunguu kilichooza ikapanda, ile inayoingia mpaka kooni. Halafu baba akasema, "Haya, Shehe, zamu yako." Wakaendelea. Ubishi wao ulinipita, nilikuwa mtoto. Lakini hiyo "zamu yako" nimekuja kuikumbuka ukubwani na inanitia kinyaa kuliko kitunguu.

Juni ikafika na baridi yake na ukungu wake. Juni kwetu ni msimu, magari ya wageni yanapanda kwenda kreta ya Ngorongoro kama siafu. Mwaka ule hayakupanda. Wazungu walikuwa wameogopa kusafiri. Makambi yakakunjwa, wapagazi wakarudi kulima, na baba akaambiwa apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Kila asubuhi alivaa shati lake la kazi, lile la kaki lenye nembo kifuani, akakaa kwenye kigoda uani akiangalia geti. Nikipita ananiambia, "Kaa mkao wa kula, wataita." Drafti ikaisha. Ubao mama akauchukua akafunikia pipa.

Siku moja tunakula makande, baba akasema, "Ndugu zake Rajabu wametuua."

"Baba Feli, watoto hao," mama akasema.

"Si nasema tu."

Hiyo "nasema tu" mimi sikuisikia. Nilikuwa nimeshaondoka na ile ya kwanza.

Kesho yake njiani kwenda shule nikampelekea Zena kama barua. "Baba amesema ndugu zenu wametuua. Mwambie baba yako awaambie waache vita."

"Baba yangu hata hawajui!"

"Anawajua. Si ndio wanaongea kwenye redio yenu?"

Zena akasimama. Alikuwa na kawaida ya kupepesa macho akikasirika. "Na Wazungu wenu je? Kaka Omari ameenda kuomba kazi ya kubeba mizigo kule kambini, wamesoma jina lake wakamwambia wageni wataogopa. Tangu juzi hali chakula. Na baba yako alikuwepo pale pale, Feli. Alikuwa amesimama. Hakusema kitu."

"Muongo!"

"Kamuulize."

Sikumuuliza. Fikiria, upande wote wa pili wa ile vita nililetewa bure, kwa Kiswahili, na rafiki yangu mwenyewe, bila redio. Na mimi jibu langu lilikuwa kumvuta ushungi. Akanivuta nywele. Tukaviringika kwenye vumbi jekundu mpaka tukafanana rangi, tukaingia darasani tumekaa dawati moja tunapeana migongo. Ugomvi ukawa wa siku nne. Hatujawahi kufikisha mbili.

Darasani kulikuwa na mvulana mmoja, bingwa wa mambo yote asiyoyajua, ndiye aliyetangaza kwamba Mwislamu akiguswa na nguruwe nguvu zinamwisha kama betri. Wengine waliosikia walicheka wakasahau. Mimi nikaenda nayo nyumbani nikaifanyia kazi. Hesabu za mwalimu zilikuwa zinanishinda, lakini hii niliipiga kichwani bila kalamu: nguruwe akigusa kisu, Mzee Rajabu anaishiwa nguvu. Mzee Rajabu akiishiwa, ndugu zake wanashindwa. Wakishindwa, vita inaisha, Wazungu wanarudi, baba anaenda kazini, na mimi Jumapili napata sherehe yenye soda za kutosha. Jeshi la Marekani lilikuwa na ndege. Mimi nilikuwa na kikopo cha mama.

Mama alikuwa na mafuta ya nguruwe kwenye kikopo, ya kutupaka kifuani baridi ikizidi. Alikiweka chini ya kitanda, nyuma kabisa, ili Mzee Rajabu akiingia kisimkere. Heshima tu. Jumamosi mchana nikaingia chini ya kitanda kwa tumbo. Baridi ilikuwa imeyagandisha, meupe, magumu. Nikachimba kwa kidole, nikachana karatasi kwenye daftari, nikafunga. Zena alikuwa chuoni anasoma Kurani. Mzee hakuwepo. Nikapita kwenye tundu letu, lile lile la kuchezea.

Kisu kilikuwa kinaning'inia nyuma ya mlango kwenye ala ya ngozi nyekundu, kama ya sime, alishonewa sokoni na fundi wa Kimasai. Nikakichomoa. Kilikuwa kinang'aa kuliko kitu chochote cha kwetu. Kazi ya kukitunza ilikuwa ya Zena, akikiosha anakipaka mafuta ya kula kidogo kisishike kutu. Na mimi nikapaka ya kwangu. Yaliteleza yakawa laini kwa joto la vidole, yakaingia kwenye kucha, na ile harufu, unaijua, harufu ya zizi iliyopikwa, ikajaa chumba chao kisafi chenye mkeka na saa ya ukutani yenye picha ya msikiti. Nikapaka na ndani ya ala. Karatasi sikumbuki niliitupa wapi. Nilikuwa na haraka, nilikuwa namaliza vita.

Jumapili asubuhi na mapema, ukungu bado umekaa kwenye mahindi, nikavalishwa gauni jeupe nikaambiwa nisiguse kitu. Mbuzi amefungwa, amekula ua moja la kwenye geti. Majirani wamekuja kusaidia, masufuria yanasubiri. Mzee Rajabu akaingia na kofia yake. Zena nyuma yake amebeba beseni.

"Shikamoo baba Zena."

"Marahaba mwanangu. Umependeza, umekuwa bibi harusi."

Hivyo ndivyo alivyoniambia. Halafu akachomoa kisu.

Hakikutoka kama siku zote. Kilitoka kinavuta. Akakiangalia, akakipeleka puani, kisha akakishusha taratibu akakiweka mbali na kanzu yake, kama mtu aliyeshika nyoka na hataki kuwatisha watoto. Yeye pua yake ilikuwa inavuka barabara kabla ya miguu akipita karibu na baa ya kitimoto. Hakuhitaji kunusa mara mbili.

"Zena, kisu hiki umekipaka nini?"

Zena akaangalia kisu. Akaniangalia mimi, gauni langu, mpaka soksi. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni. "Mafuta, baba."

"Mafuta gani?"

"Nimeyaokota kwenye kikopo. Jalalani. Sikujua, baba."

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Nikadhani Zena amechanganyikiwa, labda kweli aliokota ya kwake. Nikadhani ni lile gauni, kwamba ukivaa nyeupe Mungu anakupitisha. Nikamshukuru Mungu palepale, kwa maneno, kichwani. Nikikumbuka ile sala ndogo natamani kutema mate.

Mzee Rajabu angeweza kugeuka akaenda kwake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akasema, "Mama Feli, naomba maji. Mengi." Akainama, akachota udongo wetu mwekundu kwa kiganja, akausugua kwenye kisu pamoja na maji, mpini mpaka ncha. Akamwaga. Akaosha tena. Akamwaga. Watu wanaangalia, mbuzi anaangalia.

Mara ya tatu baba yangu, ambaye hawezi kuona kimya asikitie kidole, akasema, "Shehe, unakibatiza?"

Watu wakacheka. Mzee Rajabu naye akatabasamu kidogo, lakini mikono haikusimama. "Kimekula uchafu, Mangi. Hakiwezi kulisha watu wako hivi hivi."

Mama hakucheka. Mama alikuwa anamimina maji, pua iko karibu. Nilimwona anageuza kichwa polepole kuelekea nyumbani kwetu, kwenye dirisha la chumbani, halafu kuelekea kwangu. Akaendelea kumimina. Mara saba. Nilizihesabu, ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuipata yote. Ala ile nzuri Mzee Rajabu akaitupa kwenye moto wetu. Ikaungua na harufu yake. Zena alikuwa amesimama karibu na moto, namwona mpaka leo.

Kisha mbuzi akalazwa, maneno yakasemwa, akachinjwa, kama siku zote. Nikasubiri nguvu zimwishe. Hazikumwisha. Aliinuka, akaosha mikono, akasema, "Haya, pikeni."

Kanisani hostia ilikuwa na ladha ya mafuta. Nikameza. Nyumbani mchuzi wa mbuzi ukaletwa, mimi wa kwanza kwa kuwa ndiye mwenye shughuli, nikaonja kijiko kimoja na vyote vikarudi, vikapitia kwenye gauni jeupe mbele ya wageni na mpiga picha. Picha ipo. Wakasema ni furaha imemzidi mtoto.

Alasiri nikabadilishwa nguo nikapewa keki, nikaenda kukaa kwenye tundu la uzio. Upande wa pili Mzee Rajabu alikuwa anamchapa Zena kwa kijiti cha mti wa kahawa. Hakuwa mpigaji yule mzee. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko ya Zena. "Chakula cha watu, Zena! Ungewalisha watu najisi! Watu wametuamini!" Zena alikuwa analia bila kusema neno. Nilikuwa na neno lake mdomoni, lilikuwa limechanganyika na keki.

Nikamaliza keki. Naandika hivyo ili msije mkadhani niliiweka chini.

Jumatatu asubuhi Zena akapita kwenye tundu, miguu ina alama, akanishika mkono tukaenda shule kama zamani, ugomvi wetu ameuacha huko huko. Nikasema kimoyomoyo, huyu naye mjinga kweli. Kile kikopo cha mama sikukiona tena. Mama hakuniuliza kitu, alinipaka Vaseline kifuani mwezi mzima, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawaka.

Miezi ikapita, wageni wakarudi kidogo kidogo, baba akaitwa. Vita wala haikuwa imeisha, Wazungu walikuwa wameizoea tu. Ubao ukaondolewa kwenye pipa, vizibo vikarudi, Shehe na Mangi wakatukanana mpaka baba yangu alipofariki, na Mzee Rajabu ndiye aliyechinja siku ya msiba wake. Kwa kisu hiki hiki. Na mimi nikala. Nimekula nyama ya kisu kile miaka yote, kila sikukuu, na kila mara nimejiambia kesho nitasema.

Siku hizi Zena ananunua vitunguu Mang'ola, anajaza malori, anafoka na madereva, mwanamke mkubwa. Wiki tatu baada ya mazishi alipitia kwangu na kitu kwenye kanga.

"Baba alisema upewe wewe. Alisema, kisu apewe Feli, ndiye anayelisha watu."

Sikukipokea. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikamweleza yote, kikopo, ala, keki, ile sala, vyote, bila mzaha hata mmoja, na mnajua hiyo kwangu ni kazi. Nikasema natia kinyaa. Nikasema wale wa simu msibani wana unafuu, wao wanashangilia watu wasiowajua, mimi nilimshambulia mtu aliyeniita bibi harusi. Akanisikiliza mpaka mwisho, anapepesa macho.

"Feli," akasema, "mafuta yako uliyafunga kwenye karatasi ya jaribio la hesabu. Tatu kati ya ishirini. Jina lako liko juu, kubwa, na ua umechora pembeni."

Lile ua nililikumbuka.

"Niliikuta nyuma ya mlango asubuhi ile natoa kisu. Nikadhani umetupa takataka kwetu, nikaitia mfukoni nije nikutukane. Baba alipokinusa ndio nikaelewa. Nilikuwa nimeishika. Ala ilipotupwa motoni, na mimi nikaitupa karatasi humo humo."

"Kwa nini hukusema? Ulichapwa, Zena!"

"Ningesema, baba angerudi nyumbani na kisu chake. Na baba yako angechinja mwenyewe."

Lori lake lilikuwa linapiga honi barabarani. Akaniwekea kisu mapajani, akauchukua mkono wangu wa kulia, akaunusa kama mtu anayekagua kitunguu kama kimeharibika, kisha akasema:

"Wiki nzima mkono huu ulikuwa unanuka. Nakushika hivyo hivyo mpaka shule. Nikirudi nyumbani naosha mara saba. Kesho yake nakushika tena."